Msichana Akishika Vyuma, Tuogope Nini?

(Mazungumzo na wazazi na vijana katika ukumbi wa parokia, Kangemi)

Tunajua Jumamosi si siku ya kukaa kitako. Kuna mama aliyefunga kibanda mapema, kuna aliyeacha nguo kwenye karai. Ahsanteni kwa kufika. Hatutawaweka mpaka usiku.

Jambo tunalotaka kuzungumza mnalijua, maana lilisemwa kwenye foleni ya maji kabla halijafika ofisini kwetu. Ni habari ya wasichana wanaoinua vyuma kule uani, pale vijana walipojaza simiti kwenye mikebe ya rangi wakaiunganisha kwa bomba. Wavulana wamefanya hivyo miaka mingi na hakuna aliyeuliza. Wasichana wanne walipoingia, mtaa mzima ukapata maneno.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja alikuja ofisini na chupa ndogo ya plastiki, haina karatasi, ndani ina vidonge. Aliikuta kwenye mkoba wa shule wa binti yake wa Kidato cha Tatu. Binti alisema amepewa na jamaa mmoja anayezungukazunguka sehemu za mazoezi, kwa ahadi kwamba akivimeza miezi miwili hakuna msichana Nairobi atakayemfikia. Alikuwa hajaanza kuvimeza. Mungu alimsaidia, na pia alikuwa mwoga kidogo, naye mwenyewe anasema hivyo.

Sasa tuwaambie tulilofanya sisi, maana tulikosea. Tulimwambia mama amtoe binti kule uani mara moja, tukafikiri tumemaliza kazi. Binti akaja siku ya pili peke yake, hata kiti hakutaka. Akasema, "Mnanitoa mimi, na mwenye chupa anabaki." Halafu akaenda zake.

Wenzangu na mimi tulinyamaza. Tuna diploma zetu ukutani na hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu tulianza kusoma habari za wanawake wanaoinua vyuma, tukamkuta mmoja ambaye maisha yake ni kama yalisemwa na yule binti kwa sentensi moja. Ni Mwafrika mwenzetu, Mwarabu wa Misri, mzaliwa wa Alexandria. Jina lake Abeer Abdelrahman.

Kabla ya kumfikia, hebu tuelewane kuhusu uzito. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Hapa kwetu mtoto wa miaka 12 anaubeba kutoka bombani, anashuka nao mteremko, anapanda nao ngazi, mara tatu kwa siku. Hatujawahi kuitisha mkutano kuuliza kama utamharibu. Ile fimbo ya chuma inayotumiwa na wanawake mashindanoni, kabla haijatiwa visahani vya uzito, ina kilo 15. Ya wanaume ina kilo 20. Basi yule mtoto wa bombani tayari anabeba fimbo ya wanaume. Na akina mama wa sokoni, mnaoshusha magunia alfajiri pale kando ya Waiyaki Way, ninyi hatuwaongezei neno.

Mashindano yenyewe yana namna mbili. Kwanza chuma hutolewa sakafuni na kufikishwa juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Namna ya pili, kinapandishwa hadi mabegani, mtu anasimama nacho wima, halafu anakisukuma juu mikono inyooke. Kila mtu ana nafasi tatu kwa kila namna. Kilo zake bora za namna zote mbili ndizo zinajumlishwa, na washindani wanapangwa kwa uzito wa miili yao, mwembamba asishindane na mnene.

Wanaume walianza kuinua vyuma kwenye Olimpiki mwaka 1896. Wanawake waliruhusiwa mwaka 2000, kule Sydney. Yaani kuna akina dada humu ndani waliozaliwa wakati mlango huo bado umefungwa. Misri iliuingia mapema. Mwaka 2003 Nahla Ramadan wa Misri alikuwa bingwa wa dunia kwenye mashindano ya Vancouver, Kanada. Abeer alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati huo.

Mwaka 2008, akiwa na miaka 16, umri wa binti wa yule mama hasa, Abeer alikwenda Olimpiki ya Beijing. Alishindana katika kundi la kilo 69, akawa wa tano. Mwaka 2012 akaenda London, sasa katika kundi la kilo 75. Namna ya kwanza aliinua kilo 118. Namna ya pili kilo 140. Jumla 258.

Kilo 140 ni ngapi? Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Weka juu yake mfuko wa simiti wa kilo 50. Sasa viinue vyote viwili pamoja mpaka juu ya kichwa chako, usimame hapo bila kutikisika mpaka waamuzi waridhike. Msichana wa miaka 20 alifanya hivyo mbele ya dunia. Akawa wa tano tena.

Wa tano anapata nini? Haitwi jukwaani. Bendera yake haipandi. Akishuka kwenye ndege hakuna ngoma. Mwenye duka la vifaa hamtafuti, serikali haimpi zawadi ya fedha, na jirani aliyemwambia mama yake kwamba vyuma si kazi ya msichana anapata nafasi ya kusema, "Si nilisema?" Watu wa hapa Kangemi wanaelewa jambo hili haraka. Umeamka saa kumi, umefanya kazi sawa na wengine, na mwisho wa mwezi unaambiwa fedha zimekwisha kabla hazijakufikia.

Sasa sikilizeni. Kwenye Olimpiki wanamichezo wanatoa mkojo, unatiwa kwenye chupa mbili, na chupa zile haziishi siku ile ile. Huhifadhiwa kwenye baridi kwa miaka mingi, siku hizi hadi 10, ili vyombo vya kupima vikiwa bora zaidi wapime tena. Mwaka 2016 chupa za London zilifunguliwa upya. Katika kundi la Abeer, mwenye dhahabu, wa Kazakhstan, alikuwa ametumia dawa. Mwenye fedha, wa Urusi, vile vile. Mwenye shaba, wa Belarus, vile vile. Wote watatu wakafutwa. Wa nne, Lidia Valentín wa Hispania, akawa wa kwanza. Abeer akawa wa pili. Na aliyekuwa wa sita, Madias Nzesso wa Cameroon, akawa wa tatu. Yaani wanawake wawili wa Afrika walikuwa wamestahili kusimama jukwaani London, na siku ile hakuna aliyewaona.

Chupa za Beijing nazo zilifunguliwa. Mchina aliyepata dhahabu akafutwa. Wa Ukraine aliyepata shaba akafutwa. Abeer, yule wa tano wa miaka 16, akahesabiwa wa tatu. Jumlisheni wenyewe: watu watano walikuwa wamekaa mbele yake kwa udanganyifu, katika Olimpiki mbili.

Kuna jambo jingine linalotuuma zaidi katika habari hii. Mwezi wa Agosti 2016, Abeer akiwa bado anahesabiwa wa tano, msichana mwingine wa Misri, Sara Ahmed wa Ismailia, miaka 18, alipata shaba kule Rio akiwa amevaa hijabu na mikono mirefu. Dunia ikamshangilia kama mwanamke wa kwanza wa Misri kupata medali ya Olimpiki. Sara hakuwa na kosa lolote, na kweli ndiye wa kwanza kusimama jukwaani na kuvikwa. Lakini tukifuata vitabu vilivyosahihishwa, Abeer alikuwa na medali mbili kabla yake, moja ya 2008 na moja ya 2012. Jina la "wa kwanza" lilikuwa lake miaka minane, bila yeye kujua.

Medali inaweza kutumwa baadaye. Ile asubuhi ya kushuka kwenye ndege haitumwi. Wala miaka ile ambayo msichana angepata mfadhili, angelipiwa chuo, angewaambia wadogo zake waje uani wajaribu. Tukizungumza juu ya dawa katika michezo mara nyingi tunamwonea huruma aliyekamatwa, tunasema maskini, alidanganywa na kocha. Pengine ni kweli. Sisi tunaomba huruma hiyo ianzie kwa wa tano.

Na dawa hazimli aliyemeza peke yake. Huyo Sara tuliyemtaja hakwenda Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, kwa kuwa wainuaji wa Misri wote walizuiwa kwa sababu ya kesi za dawa za wenzao. Alikaa nyumbani kwa makosa ya wengine. Alirudi Paris mwaka 2024, akapata fedha katika kundi la kilo 81. Tulipowasomea hayo wasichana wa uani, mmoja alihesabu kwa vidole miaka kutoka Rio hadi Paris, akapiga mluzi. Minane.

Mtauliza: hayo ni ya Misri, yetu je? Yapo. Kwenye Olimpiki ile ile ya London 2012 Kenya ilipeleka mwinua vyuma mmoja tu, na alikuwa mwanamke, Mercy Obiero. Wangapi humu walimjua? Mikono miwili. Tunawajua wakimbiaji mpaka majina ya babu zao. Na yuko Hellen Wawira Kariuki, ambaye anashindana upande wa watu wenye ulemavu. Kwao mtu hulala chali kwenye benchi, anateremsha chuma mpaka kifuani na kukisukuma juu, nguvu zote za mikono na kifua. Aliiwakilisha Kenya kwenye Paralimpiki ya Tokyo katika kundi la kilo 41. Kilo 41, wazazi! Ni uzito wa mtoto wa shule. Mwaka 2022 alileta shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, nyuma ya Waingereza wawili waliokuwa kwao. Tunamtaja kwa makusudi, maana kuna mama humu ana binti anayetumia magongo na tumewahi kumsikia akisema huyo wake "si wa michezo".

Turudi kwenye hofu zenu, maana mlitupa hofu na ni haki yenu tuzijibu.

Kuna wanaosema vyuma vitaharibu kizazi. Tumeulizia kwa watu wa afya, na jibu ni kwamba msichana mzima wa afya anayefundishwa vizuri, anayeanza na uzito mdogo na kuongeza polepole, haharibu kizazi wala hakatizi urefu wake. Hatari ni kuinua kilo nyingi bila mtu wa kusimamia, mgongo umepinda, kwenye sakafu yenye utelezi. Kwa hiyo swali la kuuliza pale uani ni nani anasimama nyuma yake. Mwenye mimba ni habari nyingine, huyo aende kliniki kwanza. Na kama tunaogopa kizazi kwa dhati, basi tuogope ile mitungi pia, tuzungumze habari ya mabomba. Hiyo tutaiitishia mkutano wake.

Kuna habari ya nguo. Baba mmoja alituambia hataki kumwona binti yake amevaa "ile kitu ya kubana". Tunamwelewa, sisi pia tulilelewa na nyanya zetu. Nguo ile inabana kwa sababu waamuzi lazima waone viwiko na magoti kama vimenyooka. Lakini kanuni si jiwe. Mwaka 2011 mwanamke mmoja Mwislamu wa Marekani, Kulsoom Abdullah, ambaye asili yake ni Pakistani, alikataa kuchagua kati ya dini yake na mchezo. Aliomba, akaeleza kwa karatasi jinsi mtu anavyoweza kujifunika na bado viwiko vikaonekana umbo lake. Chama cha dunia kikabadili kanuni mwaka huo huo. Dada zetu Waislamu wa mtaa huu wajue hilo, na baba yetu pia. Binti anaweza kufunika mwili wote akainua.

Kuna wanaosema ataota ndevu na sauti itakuwa nzito. Hapo, wapendwa, mmegusa kitu cha kweli, lakini mmekiweka mahali sipo. Vyuma haviotishi ndevu. Kinachootesha ndevu ni kile kinachoweza kuwa ndani ya chupa isiyo na karatasi. Dawa nyingi za aina hiyo ni homoni za kiume za kutengenezwa. Kwa msichana zinakatiza hedhi, zinaleta nywele usoni, zinaumiza ini, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi hata akiziacha. Tulimpelekea mfamasia kile kidonge. Akakigeuza mkononi, akatuambia bila kipimo hawezi kujua ni nini, na wala yeye hawezi kukimeza. Jibu hilo lilitutosha.

Hapa Kenya tuna sheria dhidi ya dawa katika michezo tangu 2016, na shirika lake, ADAK. Watu wengi hudhani ni habari ya wakimbiaji wa Iten tu. Anayemgawia mtoto wa shule vidonge uani Kangemi naye yumo kwenye sheria. Lakini tuseme ukweli, sheria haitafika uani kwetu kabla ya mzazi. Yule jamaa anajua mazoezi ni saa kumi na moja jioni, saa ambayo mama yuko kibandani na baba yuko kwenye matatu akirudi. Anajua pia kwamba msichana aliyekatazwa nyumbani huja kwa siri, na anayekuja kwa siri hana wa kumwonyesha chupa. Yule wetu alikuwa anamficha baba yake miezi mitano. Tukimkataza binti, huyo jamaa tumemfungulia mlango.

Kwa hiyo tulirudi kwa yule mama, tukamwomba radhi. Tukamwomba radhi na binti, jambo ambalo halikuwa rahisi, maana watu wazima hatujazoea. Vijana wenye ua wamekubali mambo haya: mlango uwe wazi wakati wote wa mazoezi, mwalimu wa michezo kutoka shule jirani asimamie Jumatano na Jumamosi, na yeyote anayeleta kidonge, unga au sindano atolewe yeye, si aliyepewa. Kila msichana ana daftari lake. Kilo alizoinua zinaandikwa na tarehe, na mtu wa pili anatia sahihi. Tulilisisitiza la daftari kwa sababu ya Abeer. Haki yake ilirudi kwa sababu kilo zake zilikuwa zimeandikwa na chupa ilikuwa imehifadhiwa. Kama wangemwandika "wa tano" tu na kuacha kilo, nani angejua leo?

Tunahitaji vitu vichache. Mikeka au mipira ya magari iliyokwisha, ya kutandika sakafuni. Taa moja. Wazazi wawili wa kukaa pale jioni kwa zamu, hata kama kazi yenu ni kuchambua mboga huku mkiangalia. Waliosema sukuma wiki haikatwi penye vyuma, jaribuni.

Baba wa yule binti yuko hapa, na ametukubalia tuseme hivyo. Hajakubali mambo yote. Jumamosi iliyopita alifika uani, akasimama mlangoni kwa muda mrefu na koti lake mkononi. Binti aliinua kilo 40, akakosa mara ya kwanza, akafaulu mara ya pili. Baba akauliza swali moja tu: je, ile mikebe ya simiti imepimwa kwenye mizani kweli, au ni kukisia? Vijana wakaangaliana. Haikuwa imepimwa. Jumatatu alikuja na mizani ya duka la rafiki yake, na mkebe mmoja ukapatikana una kilo mbili zaidi ya ilivyoandikwa. Daftari likasahihishwa kwa kalamu nyekundu, na yeye ndiye aliyetia sahihi.

Sasa ni zamu yenu. Maswali yaje kwa ukali wowote, tumekaa kwa ajili hiyo. Tuanze na yule mama wa pale nyuma, ambaye mkono wake uko juu tangu tulipotaja kizazi.